"Pick up" ina maana ngapi kwani? Imenikosesha pesa

Nyar_Kano, Kisumu
Wadau habari za jioni, naombeni msaada na hii Kizungu. Nafanya kwa ofisi ndogo hapa Kisumu, tunauza vikapu vya magugu maji na kustoma wengi wako ng'ambo. Mmoja wa Uingereza aliniandikia "we'll pick up the transport bill", na mimi venye najua pick up ni kuchukua, nikaelewa watatuma mtu achukue risiti ya transpoti, nikaiweka vizuri kwa faili nikangoja, na kwa invoisi sikuandika hiyo pesa, 8,400 yote. Juzi bosi ameniuliza iko wapi nikakosa la kusema, kumbe walikuwa wanasema watalipa wao!! Na kwa imeili hiyo hiyo kulikuwa na "sales have picked up", sasa hapo nani amechukua nini? Aki nilipata B ya Kiingereza KCSE na hii kitu imeniuma sana. Mtu anajuaje ni maana gani?

Dere_wa_Molo
Pole sana dada. Mimi ni dereva, nabeba viazi Molo kuleta Nakuru, na kwetu pikapu ni gari tu, ukisema pikapu kila mtu anajua unataka ya kubeba mzigo. Ingine ni ya abiria, mtu anakupigia anasema "pick me hapo steji" unaenda unambeba. Ushauri wangu nunua kadaftari, toa maana zote kwa dikshonari uandike, kila asubuhi unakariri mbili tatu, baada ya mwezi utakuwa umezimaliza.

Mwalimu_Mumias
Dereva nakuheshimu lakini kwa hiyo ya kukariri nakupinga. Nimefunza Kiingereza miaka mingi huku Mumias na nimeona watoto wakikariri orodha ndefu halafu wakipewa sentensi moja wanakwama, kwa sababu orodha haikuambii sentensi iliyo mbele yako inataka gani.

Binti yangu, anza na Kiswahili chako mwenyewe. Chukua neno *shika*. Simu ikilia tunasema shika simu. Polisi wakija usiku wamemshika fulani. Redio inashika stesheni. Mgeni akikaa Kisumu miezi sita ameshika Kijaluo. Gari limeshika kasi. Biashara ilikuwa imelala sasa imeshika. Hizo zote Mzungu anasema pick up! Na wewe hujawahi kuchanganyikiwa na shika hata siku moja, hukuikariri mahali, unaangalia tu kinachoshikwa ni nini unaelewa. Kwa hivyo "sales have picked up" ni mauzo yameshika, yamepanda.

Pale shika inakataa jaribu *okota* au *beba*. Kitu kimeanguka chini, okota. Abiria au mzigo, beba, na hapo ndipo bili yako ilikuwa, maana hata sisi tunasema fulani atabeba gharama. Mtu akibeba gharama hajakuja kuchukua karatasi, amekubali mzigo wa kulipa uwe wake.

Halafu dereva umenikumbusha jambo. Huku Kenya tumezoea kuikata "up", tunasema pick me, pick my call, na kati yetu tunaelewana vizuri kabisa. Lakini kwa Mwingereza "pick" peke yake ni kuchagua ama kuchuma, kama wale wa Kericho wanachuma majani chai, kwa hivyo ukimwandikia mtu wa huko usiiache.

Sista_Bungoma
Mwalimu asante, hiyo ya shika sijawahi kuiona hivyo na nimekaa hapa nikiijaribu. Mimi ni nesi na kwa wodi hii neno hatuwezi kulichezea kwa sababu "he picked up an infection" ni ameambukizwa, na "he is picking up" ni anapata nafuu. Neno ni moja, mmoja anaugua mwingine anapona, na ukiandika vibaya kwa ripoti ya usiku mwenye anaingia asubuhi anaelewa kinyume. Venye mimi huangalia ni hivi, kama kuna kitu baada ya pick up basi huyo mtu amekipata hicho kitu, na kama hakuna, imeishia hapo, basi chenyewe ndicho kinaamka, mgonjwa, biashara, hata upepo. Nilizaliwa karibu na ziwa huko Homa Bay, wavuvi wakisema "the wind is picking up" ni mashua zirudi haraka, hakuna mtu ameokota upepo.

Nyar_Kano, Kisumu
Mungu awabariki, nimesoma mara tatu. Sista hiyo ya kuangalia kama kuna kitu mbele imenifungua macho. Sasa nijaribu, kuna imeili ya jana inasema "let's pick up where we left off", hiyo si ni tushike pale tulipoachia? Na nimemwandikia huyo kustoma, nimemwambia transpoti ilisahaulika kwa invoisi ya kwanza na kwamba walisema wataibeba, nimeandika "you said you will pick up it", nitume ama?

Mwalimu_Mumias
Ya kwanza umepata kabisa. Ya pili usitume kwanza. Ukitaja kitu kwa jina unaweza kukiweka katikati ama mwisho, pick the bill up, pick up the bill, zote sawa. Lakini kikishakuwa "it" ama "him" ama "them" lazima kikae katikati, "pick it up". Na kwa sababu ni jambo lilishasemwa, andika "you said you would pick it up". Tena ambatanisha ile imeili yao ya kwanza waone maneno yao wenyewe.

Nyar_Kano, Kisumu
Nimerekebisha nimetuma saa hii, na ile imeili iko hapo chini yake.

Dere_wa_Molo
Wakijibu tuambie dada. Na mwalimu nimekubali, hiyo ya daftari nimeirudisha.