Serikali ya mabaraza ya Kharkiv, 1917–1918: ilikuwa ya Waukraine, au jina la kufunikia jeshi la Urusi?

Ndugu wachangiaji, ninaleta barazani swali ambalo limewagawa wanahistoria kwa zaidi ya miaka 100. Serikali ya mabaraza ya wafanyakazi na wanajeshi (yaani soviet) iliyotangazwa mjini Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, mwishoni mwa Desemba 1917, ikaingia Kyiv mwezi Februari na kuvunjwa huko Taganrog mwezi Aprili 1918, ilikuwa kweli serikali ya Waukraine walioamua kufanya mapinduzi yao wenyewe? Nasema mapema kwamba jibu langu ni hapana. Hata hivyo, sikubaliani na wanaofikia jibu hilo kwa kuhesabu nani serikalini alikuwa Mrusi na nani Mukraine. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni kuuliza bunduki ziliamriwa na nani, na nafaka ilikwenda wapi.

Kwa wasioifahamu habari yenyewe, baada ya mfalme wa Urusi kuanguka mwezi Machi 1917, iliundwa Kyiv Rada Kuu, yaani bunge la Waukraine, chini ya mwanahistoria Mykhailo Hrushevsky, nayo mwezi Novemba ikatangaza Jamhuri ya Watu wa Ukraine, bila kujitenga bado na Urusi. Wabolsheviki, yaani chama cha kikomunisti cha Lenin, ambao walikuwa wamekwisha kuitwaa Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, walitaraji kuipindua Rada kwa kura katika mkutano mkuu wa mabaraza uliofunguliwa Kyiv tarehe 17 Desemba. Wajumbe waliofika walizidi 2,000, wengi wao wakiwa wakulima, nao wakasimama na Rada. Siku hiyohiyo lilitolewa onyo la Lenin na Trotsky, ambalo kwa upande mmoja liliitambua haki ya Ukraine ya kujitenga, na kwa upande wa pili liliipa Rada saa 48 iache kuwaruhusu Makosaki, askari wa farasi waliowapinga Wabolsheviki, kupita kwenda Don kusini mwa Urusi na iache kuwanyang'anya silaha askari wa Kibolsheviki, la sivyo ihesabiwe kuwa iko vitani. Wajumbe wa Kibolsheviki, zaidi kidogo ya 100, wakatoka mkutanoni na kwenda Kharkiv, ambako vikosi kutoka Urusi vilikuwa vimeingia siku chache kabla. Huko walijiunga na wajumbe wa eneo la migodi la Donets na Kryvyi Rih, wakajitangaza kuwa ndio mamlaka halali. Jina la Jamhuri ya Watu wa Ukraine wakalibakiza vilevile, hata zikawapo serikali mbili zenye jina moja.

Hoja ya upande wa pili si dhaifu, na haifai kupuuzwa. Katika Sekretarieti ya Watu, yaani baraza la mawaziri la Kharkiv, walikuwamo Waukraine walioamini kwa dhati kwamba ukombozi wa taifa lao ungepatikana kupitia mapinduzi ya wafanyakazi. Mykola Skrypnyk alisimamia kazi, Volodymyr Zatonsky elimu, na Vasyl Shakhrai mambo ya kijeshi. Yevhenia Bosch, aliyeshika mambo ya ndani na kuwa kiongozi kwa vitendo, alizaliwa kusini mwa Ukraine, na wapo wanaomtaja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali katika zama hizi. Tena, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Arsenal mjini Kyiv waliasi dhidi ya Rada mwishoni mwa Januari 1918 na kulipa kwa damu yao. Hakuna aliyewaleta kutoka Petrograd.

Lakini serikali haithibitishwi na imani ya mawaziri wake. Jeshi lililopigana kwa jina la Kharkiv liliongozwa na Vladimir Antonov-Ovseenko, aliyetumwa na serikali ya Lenin, naye aliweka makomisaa wake, yaani wasimamizi wa kisiasa, katika miji bila kuwauliza wenyeji. Ugomvi kati yake na viongozi wa Kharkiv ulifika hadi kwa Lenin, ambaye mwanzoni mwa Februari 1918 alimwandikia Antonov akimsihi apatane nao, awaachie mamlaka yote na awaondoe makomisaa hao. Wenzangu wanaitumia barua hiyo kama ushahidi kwamba Lenin aliiheshimu Kharkiv. Mimi naisoma kinyume kabisa, kwa sababu mamlaka ambayo kiongozi wa nchi nyingine anaweza kumwamuru jenerali wake ayaachie ni mamlaka yaliyokuwa mikononi mwa jenerali huyo. Siku chache kabla ya barua hiyo, Lenin huyohuyo alipeleka simu ya maandishi Kharkiv akidai kwa msisitizo mkubwa nafaka, nafaka na nafaka, akiwaelekeza Antonov na komisaa Ordzhonikidze wachukue hatua kali kabisa ili Petrograd isife njaa.

Kisha yakaja mambo ya Kyiv. Mikhail Muravyov, aliyeongoza mashambulizi chini ya Antonov, aliupiga mji kwa mizinga kwa siku kadhaa, na baada ya kuuteka askari wake waliua watu wengi, wakiwamo maofisa waliokwisha kuweka silaha chini. Zatonsky mwenyewe, waziri wa serikali ambayo askari hao walidaiwa kuwa wa kwake, alieleza baadaye kwamba aliponea chupuchupu kuuawa, na kilichomwokoa ni hati iliyokuwa mfukoni mwake yenye saini ya Lenin. Skrypnyk naye aliokoka kwa sababu mtu fulani alimtambua pale doria ilipomsimamisha. Kati ya yote niliyoyasoma kuhusu miezi ile, sijaona ushahidi mzito kuliko huu: waziri anasimamishwa katika mji mkuu wake na jeshi la serikali yake, na cheo chake hakimsaidii kitu.

Najua nitaambiwa kwamba Rada nayo ilirudi Kyiv mwanzoni mwa Machi ikitanguliwa na majeshi ya Ujerumani, baada ya kutia saini na Ujerumani na washirika wake mkataba wa amani wa Brest-Litovsk tarehe 9 Februari, na kwamba Wajerumani hao waliivunja tarehe 29 Aprili walipoona haiwaletei nafaka waliyoitaka. Ni kweli, na Rada inastahili lawama pia kwa kuchelewa kuwagawia wakulima ardhi iliyowaahidi, jambo lililowafanya wengi wao wakae nyumbani Kyiv iliposhambuliwa. Tofauti ni kwamba katika uchaguzi wa Bunge la Katiba la Urusi mwishoni mwa 1917, vyama vya Waukraine vilipata kura nyingi katika mikoa ya Ukraine, na Wabolsheviki wakapata takriban asilimia 10. Rada ilikuwa na ridhaa ya watu, ikaipoteza kwa makosa yake. Kharkiv haikupata kuwa nayo, isipokuwa katika baadhi ya miji ya viwanda.

Basi naomba wanaoitetea Kharkiv wanijibu jambo moja. Mkataba wake yenyewe ambao Urusi iliutia saini na Ujerumani huko Brest-Litovsk tarehe 3 Machi uliilazimu kuondoa majeshi yake Ukraine na kufanya amani na Rada. Wiki mbili baadaye, mkutano wa pili wa mabaraza huko Katerynoslav uliitangaza Ukraine ya mabaraza kuwa nchi huru, tangazo lililowezesha vita kuendelea bila Moscow kuonekana inauvunja mkataba wake. Kama uhuru huo ulikuwa uamuzi wa Waukraine wenyewe, kwa nini haukutangazwa mwezi Desemba, na ni nani aliyeuhitaji mwezi Machi?