Tamasha la wahunzi huku Mamba: wahunzi tumezimiwa moto, na nyundo ya babu imeondoka na mgeni rasmi

Wakuu habari za jioni. Nina hasira na siombi radhi, nimekaa siku nne nikisubiri zishuke na hazijashuka.

Mi ni mtu wa Mamba, hapa jirani na Marangu, na kwetu ni wahunzi toka babu wa babu. Ile miundu, visu vya kukatia mikungu, kengele za ng'ombe, mikuki ambayo watalii wanapiga nayo picha, vitu hivyo ndo vimetulisha na kutusomesha. Sasa kukafanyika tamasha, bango kubwa kabisa limeandikwa la kuenzi uhunzi wa asili, na kamati ilikuja kwa baba mdogo mara tatu kumbembeleza, mzee bila wewe hakuna tamasha, mzee wewe ndo nguzo. Akakubali. Mzee ana miaka zaidi ya sabini, goti linamsumbua, akakubali kwa sababu alidhani mwisho wa siku kuna watu wanataka kuona.

Siku yenyewe tumetoka nyumbani saa kumi alfajiri na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, koleo, nyundo, na lile jiwe la kufulia chuma ambalo tulilibeba watu wanne. Siku hizi tunatumia feni ya kuzungusha kwa ringi ya baiskeli ila kamati walisisitiza wanataka mivukuto ya zamani, sawa, tukaishona upya wiki nzima. Tuliambiwa mkaa upo. Tumefika hakuna hata kiroba, nikatoa hela mfukoni kwangu na mpaka leo sijarudishiwa.

Halafu tukapangiwa wapi? Nyuma ya vyoo. Mbele kabisa, pale watu wanapoingilia, kuna mabanda yanauza mapanga ya kiwandani yaliyotoka nje ya nchi, yamepakwa rangi na stika bado ipo, na juu wameandika bidhaa za asili. Nilisimama pale nikamuuliza muuzaji, dada haya yamefuliwa wapi, akaniambia kaka mi nimelipia banda.

Watu wengi hawajui moto wa mhunzi ulivyo ndo maana nawaeleza. Mivukuto miwili inapokezana, huu ukivuta ule unapuliza, upepo usikatike hata kidogo, na mpulizaji akichoka chuma kinakuambia hapo hapo. Baba mdogo alikuwa anafua panga kutoka kwenye springi ya Land Rover, na hicho sio chuma laini kama cha geti, kile ukikizamisha kwenye maji kikiwa chekundu kinakuwa kigumu hadi kinaweza kuvunjika kama glasi, lazima ukirudishe kwenye joto dogo ukisome rangi, ikifika rangi ya majani makavu unakitoa, ukichelewa kidogo tu makali yamepotea. Hakuna kipimo ni macho ya mzee tu. Watoto wa shule kama thelathini walikuwa wamemzunguka kimyaaa, kuna kakijana kamoja kakaomba kupuliza mivukuto na mzee akamwachia, na hapo ndo nilimwona baba mdogo anacheka kwa mara ya kwanza toka asubuhi.

Basi ndo anakuja mbio kijana wa kamati na ndoo. Mgeni rasmi kafika, moshi unaenda tenti kuu, zimeni. Baba mdogo akamwambia mwanangu ngoja nitoe chuma kwanza. Hakungoja. Akamwaga maji na panga likiwa ndani ya mkaa, likalia, likapasuka ufa toka kwenye makali hadi karibu na shina. Kazi ya saa tatu. Na mkaa wangu umelowa wote.

Wakati tunakusanya vyombo MC anaongea kwenye spika kwamba tuwashukuru Wajerumani waliotuletea ufundi wa chuma. Yaani mbele ya wahunzi wa Mamba! Wajerumani wametukuta tunafua, mchungaji wao mwenyewe Bruno Gutmann aliandika kuhusu wahunzi wa Kichagga mwaka 1912 maana alikuta mila zake zimeshakomaa. Chuma chetu cha zamani kilikuwa kinatoka Upare, Ugweno kule, kwa ukoo wa Washana waliokuwa wanayeyusha mchanga wa chuma. Wafipa walikuwa na matanuri marefu kuliko mtu, yanajivutia upepo yenyewe bila mivukuto. Wahaya ndo usiseme, mwaka 1978 watafiti walichapisha kwamba kule magharibi ya Ziwa Nyanza watu walikuwa wanatengeneza chuma cha pua, yaani steel, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. MC umelipwa, ungeuliza hata dakika tano.

Ila yote hayo ningeyameza. La mwisho ndo limenikaba.

Walimwomba baba mdogo ile nyundo ya babu kwa ajili ya picha. Ni ile ya kizamani, haina mpini, ni chuma kitupu kama mchi, imelika mahali pa kushika kwa viganja vya watu ambao wengine hata majina yao siyajui. Kwa wazee wetu nyundo ya mhunzi ilikuwa inaogopwa, watu walikuwa wanaapia. Mzee akawapa, picha tu. Nasikia MC anatangaza wahunzi wetu wanamkabidhi mgeni rasmi zawadi ya nyundo ya asili, makofi, vigelegele, na dereva akaiweka kwenye gari. Baba mdogo alisimama na mikono yake mitupu hajasema neno. Sisi tukapewa fulana, soda na elfu kumi kila mtu, na wasanii walioimba nyimbo mbili walilipwa kabla hawajapanda jukwaani.

Nimempigia mwenyekiti wa kamati mara sita. Mara ya kwanza akasema atafuatilia, ya pili akasema mzee angekataa pale pale, toka hapo hapokei.

Mzee hajaingia kibandani toka siku ile. Anakaa nje kwenye benchi. Jana mteja kaleta mundu wa kunolewa, akamwambia mpelekee mwingine.

Kama kuna mtu humu anamfahamu mgeni rasmi au dereva wake, amwambie ile nyundo haikuwa zawadi, iliazimwa. Sitaki hela wala barua ya samahani. Aniambie tu ipo wapi, nauli ninayo, nitaifuata mwenyewe hata kesho asubuhi.