Naomba ushauri: farasi wa a5 kwenye ulinzi wa farasi wawili

Wadau wa sataranji hapa Nairobi, naombeni jicho lenu kwenye mchezo huu wa ulinzi wa farasi wawili (ufunguzi ambamo nyeusi hutoa farasi wote wawili mapema), mimi nikiwa na kete nyeusi; herufi na namba ni miraba ya ubao. Tulianza e4 e5, farasi f3 na c6, askofu c4, farasi f6, kisha farasi wa mpinzani akaruka g5 kuvizia f7. Nikasukuma askari d5, akamla. Kumla askari huyo kwa farasi ni hatari: mwenzako anamtoa farasi mhanga f7, mfalme anamla, malkia anatoa cheki (anamshambulia mfalme) f3, na ukitaka kumlinda farasi wa d5 inabidi mfalme atoke hadi e6, katikati ya ubao! Kwa hiyo nikampeleka farasi wa c6 hadi a5. Cheki ya askofu b5, nikaziba c6, akala, nikala kwa askari wa b, askofu akarudi e2. Halafu h6, farasi f3, e4, farasi e5, askofu d6, d4, nikala kwa kupita (askari wangu wa e4 akamla askari aliyeruka miraba miwili kando yake), farasi akala d3, malkia c7.

Yeye ana askari mmoja zaidi, mimi nimetangulia kutoa kete. Shida ni farasi wa a5: akicheza b3, c4 imefungwa. Nimrudishe b7 akatafute c5, au nisukume c5 kwanza ili askofu akienda b7 awe na mshazari wazi? Na kete ya ngome ikae d8 au e8?