Samaki wa mchuzi juu ya jiwe: niombeje sahani bila kumvunjia mhudumu heshima?

Binti wa Bondo

Hamjambo wenzangu. Alhamisi iliyopita nilimleta mama Kisumu, kliniki ya macho. Ana miaka 74. Tulitoka nyumbani alfajiri, foleni ikatutoa saa nane mchana, na njia nzima nilikuwa nimemwahidi kwamba tukimaliza nitampeleka mahali pazuri akae kwenye kiti chenye mto, aletewe ngege mzima na ugali. Mimi mwenyewe samaki humla Dunga, pale ufuoni, lakini siku hiyo nilitaka mama apumzike penye utulivu. Nikachagua mkahawa mmoja mpya, wa ghorofani. Sitautaja jina.

Niliagiza ngege wa mchuzi, ugali wa wimbi na mboga ya osuga. Samaki alichukua dakika arobaini, na hilo silalamiki, maana samaki mzima hapikwi mbio mbio. Lakini aliletwa juu ya kipande cha jiwe jeusi, bapa kabisa, kisicho na ukingo. Mhudumu hajakiweka mezani vizuri, mchuzi tayari umefika pembeni. Mama alipobonyeza mgongo wa samaki ili nyama iachane na mwiba, mchuzi wote ukamtiririkia kwenye rinda lake la kuja mjini. Na kliniki walikuwa wamemtia dawa ile ya kupanua mboni, vitu vya karibu anaviona kwa ukungu tu. Mwiba juu ya jiwe jeusi angeuonea wapi? Nikakaa nikimchambulia samaki, yeye aliyenifundisha mimi kumla. Alinyamaza kimya. Hilo liliniuma kuliko rinda.

Osuga ilikuja kwenye kindoo kirefu cha bati, chembamba, mkono hauingii. Ugali ukafuata dakika kumi na kitu baadaye, kibonge kilichofinyangwa kwa kikombe, juu kimeshaota ngozi. Maji ya kunawa hayakuja. Tuliletewa kitambaa cha karatasi chenye unyevu na harufu ya ndimu, na harufu hiyo ikabaki vidoleni mpaka mwisho wa mlo.

Samaki mwenyewe, nasema kweli, alikuwa amepikwa vizuri mno. Nyanya zimeiva, chumvi imeingia hadi ndani. Ndiyo maana nataka kurudi naye, kliniki wamempa siku nyingine baada ya wiki sita. Swali langu ni hili: ni haki kuomba sahani ya kawaida? Binti aliyetuhudumia ni mdogo, ana adabu, na si yeye aliyechagua mawe. Sikusema neno, nikalipa nikaondoka.

Mpishi wa Kondele

Pole sana dada, na mpe mama pole yangu. Nimekaa jikoni miaka 19 hapa mjini, mitano kati yake mahali pa mawe na mbao kama hapo.

Omba, tena omba wakati wa kuagiza, si chakula kikishafika. Mhudumu ataandika kwenye karatasi ya oda "sahani ya kina", nasi jikoni tunasoma kama tunavyosoma "chumvi kidogo". Hakuna anayekasirika. Sahani za kina hazikosi jikoni, ndizo wafanyakazi wenyewe wanazotumia wakila.

Jiwe lina shida nyingine ambayo hukuitaja. Lisipopashwa moto kabla, linanyonya joto la chakula chote. Tulifundishwa kuyapasha kwenye oveni, lakini wateja wakijaa, nani ana nafasi? Mbao nazo huwezi kuziloweka, zinapasuka, na mafuta yanakaa kwenye nyufa. Inabidi zisuguliwe kwa maji moto kisha zisimamishwe zikauke. Jumamosi hazikuwa zinakauka. Nilikuwa nikiona hivyo na moyo unakataa.

Kuhusu ugali, sema "vije pamoja, na ugali uje kwenye hotpoti". Mara nyingi anayesonga ugali si anayepika samaki, kila mmoja anaitikia jiko lake. Usiposema, kinachoiva kwanza ndicho kinachotoka.

Kijana wa Mamboleo

Mimi naona tunawaonea hawa watu. Nyama choma tumeila juu ya ubao miaka yote, pale pale buchari, na hakuna aliyeomba sahani. Kwa nini samaki awe tofauti?

Binti wa Bondo

Nyama choma ni kavu, kaka. Inakatwakatwa mbele yako, chumvi pembeni, kachumbari pembeni, kila mtu anachukua kipande. Ubao ule una kazi yake. Samaki wa mchuzi analiwa kwa kuchovya. Ukiuondoa mchuzi, ugali unauchovya kwenye nini? Sina neno na ubao, wala na jiwe kwa samaki mkavu wa kukaanga.

Wa Nakuru, Section 58

Huku kwetu ni chai. Ukiagiza chai unaletewa kikombe cha maziwa ya moto na kifuko cha majani kimelala kwenye kisosi. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Sasa hayo maziwa yametoka jikoni, yamepita kaunta, yamesubiri mhudumu amalize meza nyingine, ndipo nitumbukize kifuko. Kinatoa rangi ya vumbi. Na majani yanalimwa Kericho, katikati ya njia yetu na yenu!

Chai ni ya kuchemshwa pamoja: maji kwanza na majani, yakishatoa rangi maziwa yaingie, yapande, uyatulize, yapande tena. Siku hizi nauliza kabla ya kuketi: "Chai yenu imechemshwa au ni ya kifuko?" Wakisema ya kifuko, nakunywa soda.

Mwana wa Kakamega

Mama yako kwanza, dada. Omba sahani bila woga.

La kwangu ni fupi. Nikiagiza kuku mzima wa kienyeji, firigisi iko wapi? Nimemwalika baba mkwe, nimelipia kuku mzima, anatafuta imondo kwenye bakuli haioni. Kwetu Waluhya hiyo si nyama ya kusahau jikoni. Mzee alikula, akashukuru, lakini nilimwona akigeuza mchuzi kwa kijiko mara mbili.

Mpishi wa Kondele

Kaka, mara nyingi firigisi zinawekwa kando zikapikwa oda moja ya firigisi tupu. Ukiagiza, sema "na vyake vyote". Utaletewa.

Binti wa Bondo

Narudi kuwapa habari. Juzi ilikuwa siku ya kliniki, tukapanda ghorofa ile ile. Binti ni yule yule. Nilimwambia, "Mdogo wangu, samaki wa mama aje kwenye sahani ya kina, ugali kwenye hotpoti, vyote pamoja, na utuletee maji ya kunawa." Akaandika yote. Akauliza kama mama angependa meza ya dirishani kwenye mwanga, jambo ambalo mimi sikulifikiria.

Maji yalikuja kwenye birika, vuguvugu, na karai chini. Binti mwenyewe alimmiminia mama, amepiga goti kidogo. Sahani ilikuwa nyeupe, ya kawaida, imechubuka ukingoni. Safari hii hawakumtia dawa machoni. Alimgeuza samaki mwenyewe, akachambua upande mmoja mpaka mwiba ukabaki mtupu, akaacha kichwa cha mwisho kama afanyavyo nyumbani. Mimi alinisogezea kipande cha shavu.