Miaka 46, duka linafungwa Desemba: niingie kuuza bima?

Mama Tedi, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Nimekaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini tangu Tedi akiwa chekechea, na sasa yuko chuo kikuu. Mzee mwenye duka amechoka, watoto wake wako ng'ambo na hawataki habari ya simiti na misumari, kwa hivyo Desemba tunafunga.

Kuna meneja wa kampuni moja ya bima ambaye huja kununua rangi, na kila akija ananiambia mdomo wangu ni wa kuuza. Mshahara hakuna, ni kamisheni tu, lakini eti wapo mawakala wanaopata kuliko mbunge. Haya. Juzi ameniletea karatasi niandike watu mia ninaowafahamu, na hapo ndipo nimeshtuka. Chama, kanisa, shemeji zangu wa Molo, wote niwaandike? Nina mkopo wa sacco na mdogo wa Tedi bado yuko shule ya upili. Kuna aliyeingia kazi hii akiwa na umri wangu?

Kijana wa Pipeline
Mathe, achana nayo. Mkenya hukata bima ya gari kwa sababu ya askari wa barabarani. Askari akiondoka, na bima imeondoka. Fungua duka lako dogo la rangi pale Free Area.

Min Atieno, Kisumu
Kijana, duka la rangi linafunguliwa kwa hewa? Mama Tedi, pole kwa hiyo ya Desemba. Mimi nilikuwa karani wa karo kwenye shule moja hapa Kisumu, nikatoka nikiwa na miaka 44. Niko kwa bima mpaka leo na nyumbani tunakula. Lakini hiyo karatasi ya watu mia usiijaze.

Meneja ana tageti. Wakala wa rika letu anapendwa kwa sababu ya simu yake: ndani mna watu waliomjua miaka ishirini na wanaomwamini. Unaanza na dada yako, mwekahazina wa chama, mke wa pasta. Wanachukua bima ya maisha ile ya kuweka akiba, si kwamba wameitaka, wanakuonea haya tu. Kamisheni ya mwaka wa kwanza ni nono, baadaye inakonda. Shule zikifunguliwa dada anashindwa kulipa. Akiacha kabla ya miaka 3, kwa kawaida haambulii kitu, na kampuni inaweza kukudai kamisheni uliyokwisha kula. Meneja saa hiyo ana wakala mwingine mwenye simu mpya. Atakayekaa na dada kwenye hema moja matangani ni wewe.

Sasa jiulize, simiti yako ilikuwa inanunuliwa na nani? Makontrakta. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, ile watu wanaita WIBA, na kontrakta akiomba zabuni mara nyingi anaulizwa cheti chake. Kuna wenye malori ya mchanga na kokoto. Kuna majirani zako wa mtaa huo huo wenye stoo za mbao na godoro, ambao moto ukizuka usiku hawana hata pa kuanzia. Hawa unajua nani ana kazi na nani anaringa tu. Meneja hajui.

Pesa yenyewe usidanganywe. Mtu akilipa bima ya gari 40,000, kamisheni ya gari haizidi asilimia 10, yaani 4,000. Kodi ya asilimia 10 inakatwa hapo hapo, unabaki na 3,600. Ni kidogo, ndiyo, lakini gari hilo litarudi mwaka ujao, na mwaka wa tatu unakuwa na magari ya kutosha kulipa kodi ya nyumba. Mpaka ufike huko uwe na kitu kingine cha kukulisha, hata kama ni kuku.

Mtihani wa COP wa Chuo cha Bima, ule wa cheti cha kuanza kuuza bima, ufanye sasa ukiwa bado na mshahara. Leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima, huisha 31 Desemba kila mwaka, kwa hivyo usikimbilie kuilipia mwishoni mwa mwaka huu, ipange ianze Januari. Na pesa ya mteja usiishike kamwe. Alipe mwenyewe kwa paybill ya kampuni.

Canter ya Kakamega
Mimi ni mteja tu. Canter yangu iligongwa karibu na Chavakali. Wakala wangu ni mwalimu mstaafu, alikuja na bodaboda, akanifuata mpaka kituo cha polisi tukachukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, kisha akawa anapigia kampuni kila wiki mpaka fidia ikatoka. Wenye Canter wote wa stendi yetu wamehamia kwake, na sijawahi kumsikia akisifu bima hata siku moja. Yule wa kwanza, kijana mwenye tai, baada ya kuniuzia hakushika simu tena.

Mama Tedi, Nakuru
Asanteni sana. Dada Min, umeniokoa na shemeji zangu. Na hao makontrakta, nichukue namba zao kwenye kitabu cha duka?

Min Atieno, Kisumu
Namba ni za mzee, muombe ruhusa kwanza. Au pale kaunta uwaambie wenyewe unakokwenda, anayetaka akuachie namba. Wanaochukua simiti kwa deni na kuzima simu, hao waache hapo hapo kitabuni.

Mama Tedi, Nakuru
Hao nawajua mpaka kwa majina ya utani. Kesho namuona mzee.