Wakuu naomba ushauri: nikapigane Dar ama ningoje kuajiriwa?

Bondeni_Kusi: Habari zenu wakuu. Niko Nakuru, napiga ndondi tangu shule ya msingi. Promota amenipa pambano la raundi 8 Dar es Salaam mwezi ujao, na pesa anayotoa siwezi kuiona hapa hata nikipigana mwaka mzima. Upande mwingine, kocha wa timu ya askari ananiambia nivumilie, huenda wakiajiri nikakumbukwa. Ndondi za kulipwa hapa kwetu zimelala. Pambano linatangazwa, linaahirishwa, mwisho linakufa kimya kimya. Nililopigana mara ya mwisho, ukumbini walikuwa jamaa zetu, makocha na watoto walioingia bure. Nina mke na mtoto, usingizi sina. Niende ama ningoje?

MzeeFlamingo: Mdogo wangu, kinachoniuma mimi ni hao watu kupotea ukumbini. Mji huu ulimnoa bondia Philip Waruinge! Olimpiki ya Mexico 1968 alipata shaba, lakini tuzo ya Val Barker, ya bondia bora wa michezo yote ile, akapewa yeye. Munich 1972 akaleta fedha. Na hata yeye alipotaka ndondi za kulipwa ilibidi aende Japani, kwa hivyo pesa ya ngumi tangu zamani iko ng'ambo. Hapa tulichokuwa nacho ni timu za Reli, Posta na Breweries. Bondia asubuhi yuko kazini, jioni yuko mazoezini, mwisho wa mwezi ana mshahara. Timu hizo zilipokwisha, vijana wakabaki na glavu tu. Ngoja ajira.

KondeleDamu: Ajira gani mzee, atangoja hadi azeeke? Watu siku hizi ni mpira wa Uingereza na mikeka ya kubeti. Huku Kisumu jamaa analipa kibandani kila Jumamosi bila kunung'unika, mwambie kuna ndondi anakuuliza, "Nani anapigana na nani?" Hajui jina hata moja. Wenzetu Watanzania wanajua kuuza pambano. Bondia wao Mandonga alipokuja ukumbi wa KICC Nairobi Januari 2023 kupigana na Daniel Wanyonyi, nchi nzima ilijua kuna ngumi, kwa mdomo wake tu. Akashinda, akaondoka na mashabiki wetu. Nenda Dar kaka, ujifunze na kelele.

MamaSiaya: Mwanangu, bondia Conjestina Achieng ni wa huku kwetu. Alipokuwa anapiga watu tulikaa macho usiku kumwangalia. Alipougua tukaanza kusikia habari za michango. Ukiumia huko, nani analipa hospitali? Umeandikiwa? Na mkeo anasemaje?

Bondeni_Kusi: Mama, mke anajua nasafiri. Mambo ya hospitali promota amesema yatapangwa hukohuko.

NesiWaKakamega: Yatapangwa na nani? Umepimwa kichwa? Na lini mara ya mwisho uliangushwa?

Bondeni_Kusi: Vipimo ni kawaida tu, nitafanya.

NesiWaKakamega: Nimeuliza lini uliangushwa.

Bondeni_Kusi: Haya. Mwezi uliopita, mazoezini, na jamaa aliyenizidi uzani. Konde la taya, nikazima. Kutoka ukumbini sikumbuki, niliambiwa tu. Asubuhi kichwa huuma na mwangaza wa simu hunisumbua, lakini mbio nakimbia na uzani umeshuka vizuri. Kila bondia hupigwa, nikisimama kwa sababu ya konde moja nitakula nini? Na advansi nilishapokea, imelipa kodi ya nyumba.

Mchunguzi254: Hii ni hadithi ya kutunga. Anayeanza ndondi za kulipwa hupewa raundi 4, huyu anaanza na 8? Na kutoka nje ya nchi lazima tume ya ndondi za kulipwa ikupe ruhusa. Mnalia na mtu hayuko.

Bondeni_Kusi: Wapi nimesema naanza? Nimesema nililopigana mara ya mwisho. Soma vizuri. Barua ya tume promota anashughulikia.

KondeleDamu: Mchunguzi ana hoja lakini. Weka picha ya mkataba.

NesiWaKakamega: Wacheni mkataba! Awe wa kweli ama wa kutunga, kuna kijana mwingine anasoma hapa akiwa na kichwa hichohicho. Robert Wangila alikuwa na dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, Seoul 1988, hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyewahi kuipata. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano raundi ya 9. Hakupona, akafa na miaka 26. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ama kuvuja damu, na hizo dalili zako zinasema bado haujapona. Nenda hospitali, useme ulizimia. Na usipande ulingoni hata kwa mazoezi.

Bondeni_Kusi: Nikisema nilizimia watanifungia, na pesa ya watu nimeshakula.

MamaSiaya: Pesa inalipwa polepole mwanangu. Mwambie mkeo leo, yeye ndiye atakayebaki na huyo mtoto.

MzeeFlamingo: Mimi pia nimeacha swali la Dar. Nipe namba yako inboksi. Kesho asubuhi twende hospitali pamoja, halafu huyo promota nitampigia mimi.

Bondeni_Kusi: Nimekutumia mzee. Hospitali nitaenda. Pambano sijasema nimeacha.