Tupeane uzoefu: taa ya injini iliwaka kwenye gari ya familia, ikaonekana ni nini?

Baba Wawili, Sakina
Wakuu, habari za jioni. Leo asubuhi nawapeleka watoto shule, kwenye foleni ya Mianzini, ile taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye Noah yangu. Gari haitetemeki na haichemshi. Fundi wa kwanza kaiangalia kwa macho tu, kasema pampu ya mafuta, nilete laki mbili na nusu. Wa pili kasema plagi. Wa tatu kasema sensa ya oksijeni. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari hakuna aliyechomeka hata mmoja. Kabla sijatoa hela, mliokutwa na hili nisimulieni.

Mangi wa Kibosho
Yangu ilikuwa inawaka kila nikitoka kuosha injini. Maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi, gari inamisi (silinda moja inaruka kuwasha) siku nzima. Nimeacha kuosha injini kwa presha, taa haijarudi.

Fundi Pasua
Kweli kabisa Mangi.

Chalii wa Njiro
Mimi nimebandika solotepu nyeusi juu ya taa. Mwaka wa pili huu, naenda Rombo narudi. Msiwape mafundi hela zenu bure.

Mama Kipaimara
Chalii, soma hii halafu ukaibandue hiyo solotepu leo leo.

Mwaka juzi mwezi wa kumi, mvua za vuli bado, tulikuwa tunakwenda Machame kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji. Noah ya 2003, injini ya D-4, tumo saba: mume wangu kwenye usukani, mimi, watoto watatu, mdogo wangu, na mama mkwe kiti cha kati kapakata keki. Taa ilikuwa na wiki mbili imewaka, na fundi wetu alishasema ni sensa tu, mtabadilisha mkirudi. Tumepita Usa River, Maji ya Chai, gari inakwenda vizuri. Baada ya Kikatiti ikaanza kumisi, inavuta inakata, na ile taa ikaacha kutulia, ikawa inapepesa. Nikamwambia baba watoto tusimame. Akasema hapa tukizima haitawaka tena, tujikongoje mpaka Boma Ng'ombe.

Mara harufu ya mayai viza ikajaa ndani. Mama mkwe akauliza nani kafungua mayai. Kweli watoto walikuwa na mayai ya kuchemsha kwenye kikapu, nikayanusa moja moja, yote mazima. Tulipopita njia panda ya KIA gari haina nguvu kabisa, malori yanatupita yakipiga honi, ndipo akatoka barabarani na kusimama kwenye majani. Majani makavu yale ya tambarare, yamefika usawa wa mlango. Hazijapita dakika tatu, mwanangu wa kati akasema, "Mama, chini kuna moshi."

Nikainama. Masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi, yamekuwa mekundu kama mkaa wa jiko, na majani yaliyoyagusa yameshashika moto. Niliwatoa watoto kwa kuwavuta kola za mashati. Mama mkwe, na miaka yake sabini na mbili, alishuka na keki haijainama. Mume wangu akaweka nyutro, tukaisukuma mpaka ukingoni mwa lami, mdogo wangu akamwaga dumu zima la maji ya kunywa. Dereva mmoja wa Noah za abiria akasimama na mtungi wa kuzimia moto, Mungu ambariki popote alipo. Paliungua eneo la mkeka mmoja tu.

Gari ilivutwa hadi Boma, huko ndiko ikapimwa kwa mashine mara ya kwanza, ikatoa namba ya kosa P0303, silinda ya tatu inamisi. Koili yake, inayopeleka umeme kwenye plagi, imekufa, petroli haiungui mle ndani, inakwenda mbichi mpaka kwenye masega inaungulia huko. Koili ya mtumba nilinunua elfu hamsini. Masega yalikuwa yameyeyuka yakaziba bomba la moshi, yalinitoka laki sita. Sensa ilikuwa nzima.

Mkazi wa Soweto, Moshi
Dada pole sana. Nimesoma huku nimeshika kifua.

Mzee wa Tengeru
Mngeyatoa hayo masega mapema yasingewaka. Yangu niliyatoa, gari nyepesi, inavuta mlima wa Marangu vizuri.

Fundi Pasua
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakupinga. Masega hayakuwa ugonjwa, koili ndiyo ilikuwa ugonjwa. Ukiyatoa, kwenye gari yenye sensa ya oksijeni ya pili nyuma ya masega unaanza kupata P0420, yaani masega hayachuji, na taa haizimiki. Na huyo aliyekutolea alikurudishia?

Mzee wa Tengeru
Marahaba. Hakunirudishia. Alisema ni takataka.

Mangi wa Kibosho
Mzee, yana platinamu na paladiamu ndani, yana wanunuzi. Umeibiwa mchana kweupe.

Mzee wa Tengeru
Gari ni yangu na inatembea. Tusivunjiane heshima.

Shangazi wa Ngaramtoni
Tusigombane jamani. Mdogo wangu yuko Marekani ana Toyota Sienna, yake ilitoa P0455, mvuke wa mafuta unavuja, akakaza mfuniko wa tangi la mafuta, baada ya siku chache ikazima yenyewe. Baba Wawili jaribu mfuniko.

Chalii wa Njiro
Au chomoa betri dakika kumi. Inazima.

Fundi Pasua
Inazima, tatizo linabaki, na kumbukumbu aliyokuwa aisome fundi umeifuta. Baba Wawili, chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16, hapo ndipo mashine inachomekwa. Kwa Toyota za miaka ya 1990 zisizokubali mashine, fundi anaunganisha matundu ya soketi ya kupimia yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa inapepesa, anahesabu mapepeso kupata namba ya kosa. Namba ikitoka usikimbilie dukani. Inakuonyesha mtaa, nyumba bado utaitafuta. Na kama alivyosema dada: imetulia, endesha taratibu ukapime. Inapepesa, simama, zima, pasipo na majani.

Baba Wawili, Sakina
Wakuu nimerudi. Nimepata kijana Unga Limited mwenye mashine, kanitoza elfu kumi na tano. Imetoa P0171, hewa nyingi mafuta kidogo. Hakutaja spea yoyote. Kawasha gari, kapulizia maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa mmoja mmoja. Kwenye mmoja sabuni ikawa inafyonzwa ndani, injini inabadilika sauti. Mpira umepasuka kwa chini, ufa urefu wa ukucha, ukiukunja tu ndiyo unauona. Mpya elfu nane. Pampu iko palepale.

Mama Kipaimara
Asante Mungu. Chalii, umebandua?

Chalii wa Njiro
Nimebandua dada. Imetulia, haipepesi. Jumatatu naenda kwa huyo kijana wa Unga Limited.

Mpita Njia, Himo
Yangu Alphard imewaka leo baada ya kujaza mafuta sheli, na inamisi. Nianze na mfuniko au na mafuta?